Saa Nne hadi Baridini

Nchi ya Shwari haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asichungulie nje ya dirisha lake ili kuhakikisha. Ni nchi njema. Ina bendera, ina wimbo wenye beti kumi na nne, ina mawaziri arobaini na wanane, na ina desturi moja ambayo mataifa mengine yanaionea wivu kimyakimya: Mheshimiwa Mkuu akilala, muda husimama.

Sheria ipo, na kifungu chake kipo. Mheshimiwa Mkuu akijinyoosha baada ya chakula cha mchana, afisa aitwaye Mtunza Usingizi hupiga simu, na katika ofisi zote za umma saa za ukutani hutolewa betri. Akiamka, betri hurudishwa na taifa huendelea pale lilipoishia. Ndiyo maana karani wa Shwari anaweza kuingia kazini kumekucha, akatoka taa za barabarani zimeshawaka, na daftari la mahudhurio likaonyesha amefanya kazi saa tano. Watu wamezoea. Mtu akichelewa kwenye harusi yake mwenyewe husema tu, "Mkuu alilala," na wakwe hunyamaza.

Desturi hiyo haikumdhuru mtu mpaka siku Mheshimiwa Mkuu alipopanda ndege kwenda Baridini.

Baridini ni mji wa mbali, ng'ambo ya jangwa na bahari mbili, mahali ambapo Washwari huenda kusoma, kutibiwa, na kuosha vyombo vya watu kwa shahada walizosomea. Kutoka Makao, mji mkuu wa Shwari, hadi Baridini ni kilomita elfu tisa na mia mbili, na ndege hutumia saa kumi na moja. Aliyejua hayo kuliko wote alikuwa Bi. Pendaeli Mkwizu, mpangaji wa safari katika shirika la ndege la taifa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kupima umbali, kuangalia upepo na uzito, kuandika kwenye karatasi ndege itiwe tani ngapi za mafuta, na kutia sahihi. Bila sahihi yake ndege haikuruka. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Ungeweza kumkalia kwenye kiti chake, ungeweza kumnywea chai yake, asiseme kitu. Lakini namba zake usiziguse.

Siku ya safari hiyo Mheshimiwa Mkuu alikula, akaomba mto wa pili, akalala saa saba mfululizo. Mtunza Usingizi, ambaye hakuwa mtu wa kuzembea kazini, alisimamisha saa zote ndani ya ndege, pamoja na ile ya mkononi mwa rubani. Mkuu alipoamka, ndege ilikuwa inateremka. Akatazama saa yake. Zilikuwa zimepita saa nne.

Pale pale kwenye ngazi ya ndege akawaambia waandishi wa habari, "Kila siku naambiwa Baridini ni mbali. Mbali wapi? Saa nne tu! Wanaosema ni mbali ni wavivu wa kusafiri."

Waandishi wakapiga makofi. Mmoja wao alikuwa amekaa macho njia nzima na magoti yamemvimba. Na yeye alipiga.

*

Wiki haikuisha, Wizara ya Umbali na Muda ikaanza kazi. Waziri wake, Mheshimiwa Lubinza, alikuwa na shahada tatu, moja kati ya hizo aliisomea. Alitambua upesi kwamba kama safari ni ya saa nne, basi umbali hauwezi kuwa kilomita elfu tisa. Ukawa elfu tatu na mia nne. Ramani zikachapishwa upya. Jangwa likapunguzwa, bahari moja ikaondolewa kabisa, na nchi tatu zilizokuwa katikati zikaandikiwa barua ya heshima kuelezwa kwamba nafasi haikutosha. Walimu wa jiografia wakaitwa kwenye semina ya siku mbili, wakapewa soda na kofia.

Bi. Pendaeli alisoma habari hizo gazetini, akatikisa kichwa, akaendelea kuandika tani themanini kwa kila safari ya Baridini kama kawaida. Hakuna aliyemgusa. Ndege ziliendelea kwenda na kurudi salama, ila mambo ya ndani yakabadilika kidogo. Saa nne zikitimia, ndege ikiwa juu ya jangwa, mhudumu alishika kipaza sauti na kutangaza, "Mabibi na mabwana, tumewasili Baridini. Kwa sasa kuna foleni ya kushuka. Tafadhalini bakini vitini." Abiria walipiga makofi, wakaimba beti mbili za wimbo wa taifa, kisha wakakaa kwenye foleni hiyo ya kushuka kwa saa saba. Chakula kilichotolewa baada ya hapo kiliitwa viburudisho vya foleni. Abiria mmoja aliyechungulia dirishani na kuuliza mbona uwanja wa Baridini una mawingu chini yake, jina lake lilichukuliwa.

Kapteni Dilunga, rubani mzee wa njia hiyo, alimsimulia Bi. Pendaeli mambo hayo, na wote wawili wakacheka mpaka wakafuta machozi. Baadaye Bi. Pendaeli alijutia kicheko hicho. Alijiambia kwamba siku ile ndiyo iliyokuwa siku ya kukasirika, naye aliitumia kucheka.

*

Kwa maana katika wizara hakukosekani mtu wa kujipendekeza, na mwaka uliofuata mmoja wa hao aliamka asubuhi akajiuliza swali: ndege ya safari ya saa nne, kwa nini inabeba mafuta ya saa kumi na moja?

Barua ikatoka yenye mihuri miwili. Ilisema, "Imebainika kuwa katika kila safari ya Baridini, tani hamsini za mashaka hupakiwa kwenye mabawa ya ndege ya taifa. Mafuta yanayozidi saa nne si mafuta. Ni kutoamini kauli ya Mheshimiwa Mkuu, katika hali ya kimiminika. Kuanzia Jumatatu, ndege itabeba tani thelathini." Chini palikuwa na nafasi ya sahihi, na jina lililopigwa chapa hapo lilikuwa la Bi. Pendaeli Mkwizu.

Jumatatu asubuhi Waziri alikuja mwenyewe ofisini kwake uwanjani, akifuatana na wasaidizi sita, wapiga picha wawili, na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa kukubali. Dirishani ndege ilikuwa inaonekana, na abiria mia mbili na kumi na wawili walikuwa wanasubiri ukumbini na mizigo yao.

"Mama Mkwizu," alisema Waziri, meno yote nje, "tumekuja kushuhudia historia. Kalamu hii hapa, ina jina lako."

"Shikamoo, Mheshimiwa. Kalamu ninayo."

"Marahaba. Basi tia sahihi."

"Siwezi kuandika tani thelathini. Mafuta hayo yataishia juu ya jangwa."

"Jangwa lipi? Kwenye ramani yangu jangwa linapitwa katika dakika ishirini."

"Ramani yako haina mchanga, Mheshimiwa. Lile lina mchanga. Watu mia mbili na kumi na wawili wataanguka juu yake."

Mtikisa kichwa alisahau akatikisa. Waziri akamtazama, akaacha.

"Unataka kuniambia Mkuu alikosea?"

"Mkuu sijamtaja. Nimetaja kilomita."

"Mama, sisi tunakuheshimu. Mkuu amesema ni saa nne, mbele ya dunia nzima!"

"Na mimi nimesikia. Lakini ndege haili hotuba, Mheshimiwa. Inakula mafuta." Akavua miwani, akaifuta kwa upande wa khanga yake. "Kama una hakika na saa nne, panda. Nitakuandikia kiti cha mbele."

"Ningependa sana," alisema Waziri haraka. "Nina kikao."

Wasaidizi wote sita nao wakakumbuka kikao.

Bi. Pendaeli akavuta karatasi mpya, akaandika: kilomita elfu tisa na mia mbili, saa kumi na moja, tani themanini. Akatia sahihi. Waziri akaichana. Akaandika nyingine, Waziri akaichana nayo. Karatasi ya saba ilipochanwa, jasho lilikuwa linamtoka Waziri, na mama yule alikuwa anachonga penseli.

"Mleteni msaidizi wake!" alifoka Waziri.

Msaidizi wake, Bwana Kisanga, alikuwa ameteguka mkono wa kulia asubuhi hiyo hiyo. Aliyefuata kwa cheo alikuwa anatumia mkono wa kushoto, nao ukawa umeingia ganzi. Idara nzima ilipatwa na maradhi ya mikono, na hakuna daktari aliyeweza kuyaeleza. Bi. Pendaeli aliwatazama mmoja mmoja na bandeji zao. Miaka kumi na tisa alikuwa akidhani hawampendi.

*

Alifungwa pingu. Waziri hakutaka apelekwe kituoni mara moja. Alitaka abiria wamwone, wajue mashaka yanampeleka mtu wapi. Wakamweka kwenye kiti cha plastiki kando ya lori la mafuta, chini ya ulinzi wa Koplo Mbwilo, ambaye alimuuliza kama jua halimpigi, akasogeza kiti kivulini.

Kapteni Dilunga akashuka kutoka kwenye ndege. "Mheshimiwa," alisema, "bila karatasi ya Mama Mkwizu mimi siruki. Nipigeni pingu na mimi, tukae wawili."

Hapo ndipo mtu mwingine angekata tamaa. Lakini Mheshimiwa Lubinza hakupewa wizara bure. Alitembea kwenda na kurudi, akasimama, akainua kidole.

"Hebu tujiulize," alisema, na mtikisa kichwa akajiandaa. "Safari ni nini? Safari ni muda. Ukishamaliza saa nne ndani ya ndege ya Baridini, injini zinanguruma, umekula, umekwenda msalani, wewe umesafiri saa nne. Na Baridini ni saa nne. Sasa utakuwa wapi kama si Baridini? Kapteni, kuruka hujaambiwa. Washa tu."

Kapteni Dilunga alitafuta kwenye vitabu vyake vyote sheria inayomkataza rubani kuwasha injini na kukaa. Hakuiona. Akaona pia kwamba kwa mpango huo hafi mtu. Akapanda, akawasha.

Saa tatu asubuhi abiria waliingizwa. Mlango ukafungwa, mapazia ya madirisha yakateremshwa kwa amri. Ndege ikanguruma pale pale ilipo. Wahudumu wakagawa wali na kuku. Ndani, watu walisifu sana ulaini wa safari. Mtu mmoja alisema hajawahi kupanda ndege isiyotikisika kiasi kile. Nje, Bi. Pendaeli alikaa na pingu zake akiitazama ndege ya tani mia mbili ikisafiri bila kuondoka, na kwa mara ya kwanza siku ile hasira zilimpanda mpaka masikioni. Watu wale walikuwa wameaga watu wao. Wengine walikabidhi mashamba yao kwa ndugu, wengine walilia uwanjani. Na sasa walikuwa wanazungushwa pale pale, bila hata kuzungushwa.

Chini ya ndege kazi ilipamba moto. Bango la KARIBUNI BARIDINI lilipandishwa juu ya jengo. Wapagazi walivalishwa makoti mazito na glavu. Barafu ya mgahawa, iliyokuwa ya kuhifadhia samaki, ilimwagwa kwenye ngazi kwa masepetu, ikaanza kuyeyuka kabla sepetu halijainuliwa tena. Saa saba kasoro dakika tano, redio ya taifa ilitangaza kwamba ndege ya kihistoria imewasili Baridini kwa saa nne kamili, na salamu za pongezi za Mheshimiwa Mkuu zikasomwa mara mbili.

*

Mlango ulipofunguliwa, bendi ikapiga. Wa kwanza kutokea alikuwa mama mmoja wa makamo, Mama Nyamizi, amebeba mfuko wa unga wa ulezi kichwani kwa sababu alikataa kuutoa uende na mizigo. Binti yake alikuwa Baridini, amejifungua kwa kupasuliwa siku tano zilizopita, peke yake chumbani na mtoto, hana wa kumchemshia uji. Mama Nyamizi alisimama juu ya ngazi. Jua la Makao likampiga usoni. Akaona barafu yenye harufu ya samaki. Akaona bango. Kisha akaona, kwenye uzio wa uwanja, shemeji yake aliyemsindikiza asubuhi, bado yupo, anatafuna muhogo wa kuchoma.

"Karibu Baridini, mama!" alisema Waziri kutoka ndani ya koti la manyoya.

"Baba, hapa ni Makao."

"Ni Baridini, mama. Soma bango."

"Bango nimeliona. Mwanangu simwoni."

"Saa nne zimetimia. Umefika. Shuka, unazuia wenzako."

"Sijafika," alisema Mama Nyamizi.

"Mama, redio imeshatangaza."

"Basi redio na imwogeshe mjukuu wangu!" Akaugeuza mwili wote, mfuko na yeye, akarudi ndani. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye lori la mafuta. "Jamani, fungueni mapazia! Hatujafika! Tuko hapa hapa tulipopandia!"

Mapazia yalipanda dirisha moja baada ya jingine. Kisha mtu mmoja akasema kwa sauti kubwa, "Mwaka jana nilipiga makofi juu ya jangwa, kama mjinga, na nilijua. Leo sipigi." Mwingine akasema yeye aliimba beti zote kumi na nne, Mungu amsamehe. Mikanda ikaanza kufungwa, tak, tak, tak, kutoka viti vya mbele mpaka vya nyuma. Abiria mia mbili na kumi na wawili wakakaa, mikono kifuani.

Mkuu wa polisi alipanda ngazi, akateleza kwenye barafu, akapanda tena. Akawaamuru washuke. Hawakushuka. Akauliza nani kiongozi wao. Wakamwonyesha mfuko wa unga. Akarudi chini kumweleza Waziri kwamba amepekua sheria zote na kosa la kukataa kufika halimo.

"Watakaa mpaka lini?" aliuliza Waziri.

"Wanasema mpaka Baridini."

Waziri akavua kofia ya manyoya. Ndipo jambo lenyewe likamwingia kichwani polepole, na uso ukamshuka. Redio ilikuwa imeshasema watu hawa wako Baridini. Mkuu alikuwa amewapongeza kwa kuwa Baridini. Watu mia mbili na kumi na wawili walioko Baridini hawawezi kuonekana jioni sokoni Makao wakichagua nyanya. Kuwaweka ndani hakuwezekani, kwani mtu aliyeko Baridini anafungwaje Makao? Kila njia aliyoifikiria iliishia mahali pamoja. Watu hawa ilikuwa lazima wawe Baridini, na njia ya kuwa Baridini ilikuwa moja tu, ndefu vile vile kama ilivyokuwa siku zote.

"Wekeni mafuta," alinong'ona.

"Kiasi gani, Mheshimiwa?" aliuliza mtu wa lori.

Waziri akawageukia wasaidizi wake. Wasaidizi wakatazama viatu vyao. Juu, kwenye dirisha la rubani, Kapteni Dilunga alitoa mkono na kuonyesha kidole kwenye kiti cha plastiki.

Wote wakageuka kumtazama mwanamke mwenye pingu.

"Sisemi kwa mdomo," alisema Bi. Pendaeli. "Naandika. Afande, naomba mkono wangu wa kulia."

Koplo Mbwilo hakungoja amri. Akafungua upande mmoja. Karatasi ikaletwa, akaiweka gotini, akaandika bila haraka, akakagua upepo wa mchana kwa kuangalia bendera ya uwanja, akaongeza tani mbili. Kisha hakutia sahihi. Alimnyooshea Waziri ile karatasi.

"Soma kwanza, Mheshimiwa. Umechana saba bila kusoma."

"Nimeiona."

"Soma. Mtu wa lori hawezi kuiona kutoka kule."

Waziri akatazama huku na huku. Wapiga picha walikuwa wawili, na wote wawili, kwa bahati, walikuwa wameinua kamera. Bendi ilikuwa imenyamaza. Madirisha yote ya ndege yalikuwa na uso.

"Kilomita," alisema Waziri, akakohoa. "Kilomita elfu tisa na mia mbili."

"Kwa sauti, baba!" alipiga kelele Mama Nyamizi kutoka mlangoni.

"Kilomita elfu tisa na mia mbili! Saa kumi na moja! Tani themanini na mbili!"

Kutoka ndani ya ndege kulitoka kishindo ambacho hakikuwa makofi wala wimbo. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja, wengine wanapiga viti ngumi. Bi. Pendaeli naye machozi yalimtoka, yakaikwamia miwani, akaacha yakae. Akatia sahihi yake yote, jina la kwanza, la baba na la babu.

Mafuta yalichukua muda wake. Saa kumi na nusu jioni ndege ilijikokota hadi mwisho wa njia ya kurukia, ikageuka, ikaja kwa kishindo na kunyanyuka juu ya uzio, juu ya shemeji na muhogo wake, ikaelekea kaskazini. Waziri alikuwa tayari anaamuru bango lishushwe na Bi. Pendaeli apelekwe kituoni kwa kosa la kuongeza umbali wa nchi.

Koplo Mbwilo aliinama karibu naye. "Mama, hii kesi wataifanya kubwa. Kule ndani ukiulizwa, si useme tu hukumbuki?"

"Wakiniuliza nitawaambia kilomita elfu tisa na mia mbili," alisema Bi. Pendaeli. "Kila siku, mpaka wachoke kuuliza."

Akarudisha mkono wa kulia kwenye pingu mwenyewe, akaibana, akainuka kwenye kiti cha plastiki. Kisha akatangulia kuelekea kwenye gari la polisi, na koplo akamfuata nyuma.